Barua kwa mwanangu: Kabla hujasaini karatasi ya timu

Tukuyu, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa jikoni nasubiri maharage yaive. Unasema mchumba wako anataka, kabla hamjaenda kanisani, msaini karatasi kwamba timu yake ya ligi ya mkoa, Coaster zake mbili na kiwanja cha mazoezi cha Uyole vitabaki vyake peke yake hata mkiachana. Ukanitumia na habari za wale waliokuwa na timu ya Dodgers kule Los Angeles, ukauliza: "Mama, kama matajiri wenye mawakili wote wale walifikia pale, mimi nisaini au nikatae?"

Sitakwambia ukatae. Kijana anaogopa kupoteza alichokijenga, na hofu hiyo si dhambi. Ninachotaka ni uisome karatasi yenyewe, neno kwa neno, nakala kwa nakala. Maana hao wa Dodgers, ukiwaangalia vizuri, ugomvi wao uliwaka kwenye nakala.

Frank na Jamie McCourt walioana 1979. Mwaka 2004 waliinunua timu ile ya besiboli, na mwaka huohuo wakasaini makubaliano ya mali: nyumba ziwe za mke, biashara ziwe za mume, ili wadai wa biashara wasizifikie nyumba. Wazo lenyewe halikuwa baya. Na Jamie hakuwa mke wa kukaa jukwaani tu, alifika kuwa mtendaji mkuu wa timu. Ndoa ilipovunjika 2009 akaondolewa kazini, na hapo karatasi zikatolewa kabatini. Zilikuwa nakala sita. Tatu zilisema Dodgers ni ya mume peke yake, tatu hazikusema hivyo, na wote wawili walikuwa wamesaini zote! Ikaja kujulikana kwamba kiambatisho kilibadilishwa baada ya watu kuweka sahihi. Desemba 2010 jaji akayatupa makubaliano yote.

Mwaka uliofuata timu ikaelemewa na madeni, na Jamie akakubali kupokea kama dola milioni 131 na kuliachia dai lake. Miezi michache baadaye, 2012, timu ikauzwa kwa zaidi ya dola bilioni 2. Akarudi mahakamani akasema alifichwa thamani yake. 2013 jaji akamkatalia. Hapo niliumia, mwanangu. Mama wa watu alikubali bei kabla mali haijapimwa.

Mwenye timu ya soka ya AS Monaco, Dmitry Rybolovlev, na mkewe nao walivutana miaka. Mahakama ya Geneva ilimpa mkewe zaidi ya faranga bilioni 4 za Uswisi mwaka 2014, rufaa ikashusha hadi kama milioni 564 mwaka uliofuata, kwa sababu mali ilikuwa imeshahamishiwa kwenye amana, yaani mikononi mwa wadhamini, huko Cyprus miaka kabla ya kesi. Mwishowe wakapatana.

Kwetu Mbeya tumezoea timu zisizo na mume wala mke. Mbeya City ni ya halmashauri ya jiji, Prisons ni ya Magereza. Hii ya mchumba wako ni ya mtu, na ukishaolewa utaishi ndani yake. Wewe ndiye utakayeanika jezi kwenye mvua hizi za huku, ndiye utakayepika wali wa wachezaji ishirini, na mwezi ambao kiingilio hakitoshi mshahara wako utageuka dizeli ya Coaster. Karatasi anayoitaka inasema nini kuhusu dizeli hiyo?

Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali, isipokuwa mkikubaliana vingine. Kwa hiyo alichokuja nacho ni chake. Lakini kifungu cha 114 kinairuhusu mahakama kugawa mlichochuma kwa juhudi za pamoja, na hata alichokuja nacho mmoja kikihesabiwa, kama kimeendelezwa sana ndani ya ndoa kwa jasho la mwenzake. Tena tangu 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishatamka kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango.

Unajua nilikaa kwenye baraza la kata miaka tisa. Baraza haligawi mali, linasuluhisha tu, lakini hapo ndipo nilipoyaona haya kwa macho. Mume mmoja aliapa kwamba nyumba ya wageni aliijenga peke yake. Mkewe akafungua kitenge, akatoa daftari la mauzo ya maziwa. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa maziwa yaliyomwagikia, ikabidi mwenyekiti azitenganishe kwa wembe. Ndani, katikati ya lita na madeni ya majirani: saruji mifuko 4, mchanga tripu 1, chakula cha mafundi siku 6. Yule baba alisoma mwandiko wa mkewe, akavua kofia, akaiweka magotini. Neno "peke yangu" hakulirudia tena siku ile.

Basi mwambie mchumba wako karatasi itaje kilichopo leo: Coaster kwa namba zake, hati ya kiwanja iko kwa jina la nani, timu inadaiwa kiasi gani. Kitakachoongezeka baada ya harusi kiandikwe mbali. Kila mmoja awe na wakili wake, na sahihi iwekwe kila ukurasa, viambatisho navyo. Na wewe nunua daftari.

Njooni wote wawili Jumamosi, mje na nakala zote, hata ile anayosema ni sawasawa na nyingine. Baba yako atasoma moja kwa sauti, wewe ufuatishe kwa kidole kwenye ya pili, na mwenzio kwenye ya tatu. Ndizi nitakuwa nimeshapika.

Mama yako