Tashbihi Kwenye Jamvi la Karafuu

Swali: Mwalimu, asalaam aleikum. Mwanangu wa darasa la tano amehifadhi fasili za tashbihi na istiara, lakini akiandika insha hatumii hata moja. Nifanyeje? (Mama, Wete, Pemba)

Jibu: Waaleikum salaam, mama yangu. Fasili peke yake haimfai mtoto. Mkalishe mbele ya jamvi la karafuu zilizoanikwa, umuulize zimefanana na nini. Akisema "kama misumari midogo", hiyo ni tashbihi, kwa kuwa imebeba neno "kama". Akiliondoa na kusema "jua limekausha misumari ya babu", ameshaingia kwenye istiara, na hapo umpongeze kwa dhati. Kisha, ili ahamie kwenye insha, msimulie hadithi mbili za Sungura, moja akishinda na moja akinaswa, aandike ipi imempendeza zaidi, na kila rai aifuatishie "kwa sababu". Makosa ya tahajia usiyaguse siku hiyo.