Bei ya Gari Lako Jepesi la Michezo Imeshuka: Ufanye Nini Sasa

Wenye Lotus Elise, Mazda MX-5, Toyota MR2 na magari ya ukoo huo wananiuliza swali lilelile kila tukikutana: bei itarudi lini? Nawajibu kwamba wasiingoje. Bei ya 2021 na 2022 haikuwa ya kawaida, na mtu anayeipangia mambo yake leo anajiumiza. Nimemiliki magari haya kwa miaka mingi, nimeuza na kununua tena, na marafiki wengi wamenichukua niwakagulie gari kabla hawajatoa fedha. Haya ninayoandika nimeyaona wakati wa kupatana bei, na mengine nimeyaona nikiwa nimelala chini ya gari na tochi mkononi.

Ukitaka kujua kwa nini bei imeshuka, angalia kwanza ilivyopanda. Viwanda vya magari vilikosa chipu za kielektroniki, magari mapya yakaadimika, na yaliyotumika ya kila aina yakapanda bei. Riba nazo zilikuwa chini mno. Ya Benki Kuu ya Uingereza ilikuwa asilimia 0.1. Watu walikaa nyumbani, hawasafiri, na waliokuwa na kipato cha uhakika wakajikuta na akiba. Mwishoni mwa 2021 Lotus ikaacha kutengeneza Elise, Exige na Evora. Mwaka huohuo Elise za kwanza kabisa, za 1996, zilitimiza miaka 25, umri ambao Marekani huruhusu gari kuingizwa nchini bila kukidhi viwango vyake vya usalama. Mambo hayo yote yaliangukia kipindi kimoja kifupi.

Sasa yamegeuka. Chipu zimepatikana. Riba ya Uingereza ilifika asilimia 5.25 mwezi Agosti 2023, na ya Marekani ilikuwa imefika kati ya 5.25 na 5.5 mwezi mmoja kabla. Gari la viti viwili, lisilo na buti la maana, ndilo la kwanza kuuzwa nyumba ikibanwa, kwa sababu haliwapeleki watoto shule wala halibebi mizigo. Aliyelinunua kwa mkopo anataka kulitoa, aliyelinunua kama kitega uchumi anataka kulitoa, na mnunuzi anayetegemea mkopo hayupo tena. Wauzaji wamekuwa wengi kwa wakati mmoja, na hapo bei haina pa kushikilia.

Hoja ninayoisikia mara nyingi ni kwamba magari ya namna hii hayatengenezwi tena, kwa hiyo lazima yapande. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli. Elise ya kwanza ilikuwa na kilo 725 hivi; Lotus Emira iliyokuja baadaye ina takriban kilo 1,400. Kanuni za usalama za Umoja wa Ulaya zilizoanza kuhusu kila gari jipya Julai 2024 zimefanya gari dogo na rahisi liwe gumu kuuzwa huko, na Toyota GR86 iliuzwa Ulaya kwa muda mfupi tu kwa sababu hiyohiyo. Zimebaki MX-5, Caterham na chache nyingine. Lakini uhaba hauongezi bei kama hakuna mtu mwenye fedha anayelifukuzia gari hilo. Gari adimu lisilo na mnunuzi wiki hii litauzwa kwa bei ya mnunuzi wa wiki hii.

Hata hivyo hayashuki sawasawa, na hapa ndipo mwenye gari ana nguvu kuliko anavyodhani. Gari lenye kumbukumbu kamili za sevisi, lililobaki kama lilivyotoka kiwandani, bado linauzwa kwa heshima. Yanayoporomoka ni yale yaliyobadilishwa ovyo, yaliyogongwa yakafunikwa rangi, na yale ambayo mwenyewe anasema "halijawahi kunisumbua" lakini hana karatasi hata moja ya kuonyesha.

Chukua Elise kama mfano, maana ndiyo ninayoifahamu zaidi. Chesisi yake ni mapande ya aluminiamu yaliyounganishwa kwa gundi maalumu ya epoksi. Ni nyepesi ajabu, chini ya kilo 70, na haili kutu kama chuma. Lakini ikipinda kwenye ajali hainyooshwi, inabadilishwa. Kwa hiyo mnunuzi anayejua kazi yake hataanza na rangi wala viti. Atakuomba ufungue bamba la chini ya gari, lile linaloshikwa na boliti nyingi ndogo ambazo mafundi wavivu huzirudisha nusu. Nyuma ya bamba hilo atatazama mikono ya sasipensheni, ambayo ni ya chuma na hula kutu taratibu pale ambapo hakuna anayeona, kisha ashike tairi la nyuma kwa mikono miwili na kulitikisa, apate kujua kama viungo vinavyoshika mwelekeo wa magurudumu ya nyuma vimelegea. Baada ya hapo atazunguka bodi akipima kwa macho nafasi kati ya mlango na kipande cha mbele. Kipande hicho ni kimoja, kinaanzia puani hadi mlangoni. Ufa mdogo karibu na taa, wenye mistari myembamba kama utando wa buibui, unamaanisha kazi kubwa na ghali.

Sasa wewe muuzaji, yafanye hayo kabla yake. Fungua bamba, piga picha, badilisha mikono iliyooza, na uweke risiti kwenye faili. Nimeona gari likiuzwa siku ileile kwa bei iliyoombwa kwa sababu ya picha za namna hiyo, wakati lingine linalofanana nalo kwa mbali lilikuwa linasinzia kwenye matangazo.

Injini za Rover za seri ya K, zilizofungwa kwenye Elise za mwanzo, zinajulikana kwa kuunguza gasketi ya silinda hedi. Wauzaji wengi huficha kwamba gasketi imewahi kubadilishwa, na mimi naona wanakosea njia. Elise ambayo gasketi yake ilibadilishwa na fundi anayeijua, ikafungwa ile ya tabaka kadhaa za chuma na risiti ikatunzwa, ina thamani kuliko ambayo bado inasubiri siku yake. Liandike hilo juu kabisa ya tangazo.

Kwa MX-5 za vizazi viwili vya kwanza adui ni kutu. Kuna matundu ya kutolea maji nyuma ya viti, pembeni mwa paa la turubai. Yakizibwa na vumbi na majani, maji hushuka ndani ya vizingiti vya milango na kuvila kwa ndani, huku nje rangi ikiwa bado inang'aa. Pitisha kidole chini ya kizingiti, karibu na tairi la nyuma. Ukisikia chuma kinavimba au kinatoa mlio mzito kama kimejazwa pasta ya kuzibia matundu, bei ni nyingine. Kwa MR2 ya mwisho, iliyotoka kati ya 1999 na 2007, zile za mwanzo zinaulizwa habari ya vichujio vidogo vya moshi vilivyo karibu na injini, ambavyo hupasuka na vumbi lake kurudi ndani ya silinda. Gari likila oili, mnunuzi atahisi ndiko linakoelekea.

Kuhusu kupanga bei. Usitazame bei za kwenye matangazo, tazama bei zilizolipwa. Minada ya mtandaoni huacha matokeo wazi, na humo utaona pia magari ambayo hayakufika kiwango cha chini cha muuzaji. Hayo nayo yanakwambia kitu: ile ndiyo bei ambayo soko limekataa. Ukishajua kiwango, weka bei inayoendana nacho tangu siku ya kwanza. Gari linaloanza juu na kushushwa kidogo kidogo kwa miezi hupata doa, kila anayepiga simu anauliza lina ubaya gani, na mwishowe huuzwa chini ya lile lililoanza na bei ya kweli. Na mtu akikupa ofa ya chini usikasirike. Biashara haigombi. Mwambie bei yako, mpe sababu zake, na uache namba yako kwake.

Fedha ya kulitengeneza kabla ya kuuza iende kwenye sevisi, kutu na tairi. Tairi hasa, kwa sababu magari haya hutembea kidogo na ni mepesi, hivyo kashata hubaki nzuri wakati mpira umeshakuwa mgumu. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2315 ni wiki ya 23 ya mwaka 2015. Mnunuzi makini ataisoma kabla hajakusalimia vizuri. Usipige rangi upya gari zima, kwa maana utaamsha shaka ambayo haikuwepo. Kama ulibadilisha ekzosti, viti au usukani na vya asili bado unavyo, virudishe, kisha uza hivyo vingine peke yake.

Kama hujalazimika kuuza, ushauri wangu ni mfupi: liendeshe. Wengi waliacha kuyatoa magari yao bei zilipopanda, wakilinda kilomita. Gari lililokaa bandani hukausha sili, breki hushikana, betri hufa, petroli huchacha ndani ya tangi. Nimekagua gari lenye kilomita chache mno ambalo gharama ya kulifufua ilizidi kile kilomita hizo zilichoongeza kwenye bei. Na uzuri wa wepesi ni kwamba kuliendesha si ghali. Breki na tairi hudumu, mafuta linakula kidogo. Ukijumlisha hasara ya bei na gharama za kila mwaka, mara nyingi bado unatumia kidogo kuliko mwenye gari jipya kubwa, na wewe unafurahia kila kona.

Kuna makaratasi mawili ya kuyaangalia mwezi huu. La kwanza ni bima: kama mlikubaliana thamani ya gari mwaka 2022, huenda unalipa ada kwa thamani ambayo haipo tena, kwa hiyo omba tathmini mpya. La pili ni mkopo. Kama deni limezidi bei ya gari, lijue sasa na upange kulipunguza, usije ukaligundua siku mnunuzi amesimama mlangoni na fedha.

Kwa anayenunua, huu ni wakati mzuri kuliko tulioupata kwa miaka kadhaa, ila bei ya chini kabisa iepuke. Hata magari mazuri yameshuka kiasi, lakini gharama ya kuligeuza bovu kuwa zuri haijashuka hata kidogo. Mimi leo ningetafuta Opel Speedster: ilitengenezwa na Lotus wenyewe kiwandani kwao Hethel, Uingereza, msingi wake una undugu na Elise ya kizazi cha pili, na jina lililo mbele yake limeifanya iwe nafuu siku zote. Vipande vya bodi yake ni vigumu kupatikana, kwa hiyo bodi iliyopasuka ningeiacha hapohapo.

Na ukishapata la kukagua, mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa injini kwanza. Ikiwa ya moto, kunywa naye chai mpaka ipoe ndipo uendelee.