Mgonjwa wa kizunguzungu: subiri macho yaseme

Wewe unayeanza kazi kwenye kliniki ya masikio, pua na koo, mgonjwa akisema ana kizunguzungu, usiishie kumpima presha na kumwandikia vidonge. Muulize: unaona nyumba inazunguka, au unahisi utazimia? Huja ukigeuka kitandani? Hudumu sekunde, saa, au siku nzima? Kipimo utakachochagua kinategemea majibu hayo.

Anayezungukwa kwa muda mfupi kila anapolala au kugeuka, mpime kwa Dix-Hallpike. Mkalishe kitandani, mgeuze kichwa nyuzi 45 kuelekea upande unaoupima, kisha mlaze upesi, kichwa kining'inie nyuzi kama 20 chini ya ukingo wa kitanda. Wengi huharibu hapa: wanamlaza, wanachungulia mara moja, wanamwinua na kuandika "kawaida". Subiri! Macho yanaweza kutulia sekunde 10, hata 20, ndipo yaanze kucheza, yakipiga kwenda juu huku yakijizungusha kuelekea sikio la chini. Kwa kawaida hukoma kabla dakika haijaisha. Ukiona hivyo, chembe za chokaa zimeingia kwenye mfereji wa nyuma wa sikio la ndani, na unaweza kumtibu hapo hapo kwa mbinu ya Epley, yaani kumgeuza kichwa hatua kwa hatua ili chembe hizo zitoke mferejini. Mwambie mapema kwamba kizunguzungu kitamjia, kwamba umemshika, na kwamba asifumbe macho. Mwenye shida ya shingo, mpime kwa kumlaza ubavu.

Kipimo cha kutia maji sikioni, ya nyuzi joto 30 na ya 44, hulinganisha sikio na sikio. Kagua ngoma ya sikio kwanza. Iliyotoboka haitiwi maji. Uliza pia kama anameza sinarizini, maana dawa za kutuliza kizunguzungu hupotosha majibu.

Ninayemhofia zaidi ni yule anayezungukwa mfululizo tangu jana, macho yakicheza hata akiwa ametulia. Huyo usimlazelaze. Mwambie akazie macho pua yako, kisha mgeuze kichwa ghafla, kidogo tu. Macho yakiponyoka na kurudi kwa kuruka, tatizo huwa ni la sikio au mshipa wake wa fahamu. Yakibaki yameganda puani pako, shuku kiharusi. Mpe rufaa siku hiyo hiyo, na picha ya CT ya ubongo ya saa za mwanzo ikirudi safi usimruhusu kwenda nyumbani, kwani mara nyingi kiharusi cha nyuma ya ubongo hakionekani humo.