Jaruba lina mwenyewe, au ni jua tu?

SWALI: Shikamoo mtaalam. Mi nipo kwenye mashamba ya chumvi hapa Bagamoyo. Kuna jaruba moja la kina kirefu limeachwa siku nyingi, mvua ikanyesha weee halafu jua likapiga wiki nzima, juzi nikaingia kutoa mpira wa pampu, maji ya kiunoni poa kabisa ila nyayo zikaungua nikatoka mbio. Wenzangu wanasema lina mwenyewe. Ni nini hiki? Na hayo maji moto siwezi kuyavuta kwa gesti ya bro?

JIBU: Marahaba. Mwenyewe ni jua hilohilo. Maji ya kawaida yakipata moto chini yanakuwa mepesi, yanapanda, joto linaishia hewani. Sasa la kwako chini kuna maji ya chumvi kali, mazito, hata yakichemka vipi bado ni mazito kuliko ya mvua yaliyolala juu, kwa hiyo hayapandi ng'o. Mwanga unashuka mpaka kwenye tope, joto likitaka kutoka linakuta tabaka la katikati, chumvi inaongezeka kidogo kidogo kadiri unavyoshuka, maji pale hayazunguki kabisa, na maji yaliyotulia hayapitishi joto kirahisi. Ndo blanketi lenyewe.

Si mambo mapya haya. Mwaka 1902 mtafiti mmoja, Kalecsinsky, aliandika kuhusu ziwa la chumvi la Medve huko Transylvania (Romania ya sasa), maji yalifika nyuzi 70 kwenye kina cha mita 1.3 hivi. Bhuj, India, walichimba bwawa la namna hii la mita za mraba 6,000 likapeleka maji moto kiwanda cha maziwa.

Na linatunza! Mita moja ya ujazo ya maji ya chumvi kali ikipanda nyuzi 30 inabeba joto la uniti 30 na kitu za umeme, usiku linapungua kidogo sana, mradi tabaka la chini liwe nene, kama mita nzima. Jaruba la kina cha goti asubuhi limepoa.

Ila gesti, kaka, hapana. Bwawa dogo linavujisha joto pembeni na chini, we mwambie bro anunue hita ya sola ya juu ya bati yaishe. Bwawa linalipa kama eneo ni kubwa na chumvi unayo bure, yaani bosi wako ndo angefaa kuwaza, sio bro.

Ukitaka kujaribu hapo kazini, usichote kwa ndoo, utavuruga matabaka na joto litapanda lote. Laza koili ya bomba la plastiki linalostahimili moto (chuma kitaliwa na kutu fasta) upitishe maji baridi ndani yake. Chumvi nayo inapanda taratibu yenyewe, so kila mara ongeza maji ya chumvi kali chini na suuza juu kwa maji mepesi. Upepo ukianza kupiga mawimbi, kingia kwa nyavu zinazoelea. Maji yakigeuka kijani jua halifiki chini, hapo umeumia.

Na usiingie tena kabla hujashusha kipimajoto kwa kamba.