Ukija kujifunza kawandi, kitambaa kipya kiache dukani

Kawandi ni mfarishi wa viraka wa akina mama wa Kisiddi, kusini magharibi mwa India, jimbo la Karnataka. Wasiddi wana asili ya Afrika; wengi wa wazee wao waliletwa Goa, jirani na hapo, na Wareno wakiwa watumwa. Nilipofika vijiji vya upande wa Haliyal, zile nyuso zilinipa moyo nikajaribu Kiswahili. Wapi! Lugha yao wenyewe ni Kikonkani. Tulielewana kwa sindano.

Wewe unayeanza, jifunze kwanza kuijua nguo kwa vidole. Chini hutandikwa sari kuukuu ya pamba, juu yake viraka vya mashati na magauni yaliyochakaa. Ivute nguo kwa marefu na mapana. Ikianza kuachia, iache hata kama rangi imekupendeza. Kisha chomoa uzi mmoja uuchome. Pamba huungua kama karatasi na kubakiza jivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Mfarishi wangu wa kwanza nilichanganya ovyo. Ulipofuliwa, pamba ikarudi, poliesta ikagoma, wote ukajikunja kama uso wa aliyelamba ndimu. Siku hizi anaulalia paka.

Viraka vya poliesta usivitupe, vishonee mfuko. Mfuko haufuliwi kila wiki, na kila unapofua poliesta kuna vinyuzi vinavyokwenda na maji.

Wapo wanaonunua nguo mpya wazikatekate ili wapate sura ya viraka, halafu wanahubiri mazingira. Hao wameongeza taka tu. Kawandi ilitokana na kutokuwa na cha kutupa, kama vile kantha, ushonaji wa nguo kuukuu wa Bengal, ambako hata uzi wa kushonea ulichomolewa kwenye pindo za sari kuukuu. Nenda kwa fundi cherehani, muombe mabaki.

Kushona kwenyewe ni bandi tu, sindano kuzama na kuibuka kwa mstari, ila unaanzia ukingoni na kuzunguka mpaka katikati, viraka ukiviongeza njiani. Mimi niliyezoea kuchora kwanza, hili lilinitesa. Nilivipanga vyote kwa pini usiku, asubuhi mwalimu wangu akazichomoa bila neno. Kila kiraka kikunje pindo kabla sindano haijakifikia, na safu za bandi ziwe karibukaribu, maana ndizo zinazoshika tabaka zote. Vaa subana kidoleni usijichome, mimi nilijifanya jasiri siku mbili.

Pembe nne hupewa phula, maua ya vipande vilivyokunjwa pembetatu. Kawandi isiyo na phula huhesabiwa kuwa iko uchi, kwa hiyo usizikimbie ukichoka.

Mfarishi wa pili niliupeleka kwa mwalimu wangu nikijisifu. Hakuutazama juu. Aliugeuza, akapitisha kiganja upande wa sari, akanirudishia nifumue safu mbili.