Big Ben ni kipi hasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, tukatie ubishi wa kijiweni. Big Ben ya London ni mnara, saa au kengele? Na ni kweli saa ile hurekebishwa kwa sarafu? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ni kengele. Mnara wenyewe tangu 2012 unaitwa Elizabeth Tower. Kengele hiyo, yenye tani 13.7, ilianza kulia Julai 1859. Kufika Septemba ikawa imeshapasuka, nyundo ilikuwa nzito mno. Baadaye waliigeuza kidogo ipigwe mahali pazima, wakafunga nyundo nyepesi. Ufa ungalipo hadi leo, ndiyo maana mlio wake una mkwaruzo.

Sarafu ni kweli, tena ni ufundi mtupu. Peni za zamani, yaani sarafu ndogo za Uingereza, hupangwa juu ya pendulumu, ule uzito unaobembea kuongoza mwendo wa saa. Ukiongeza moja, kitovu cha uzito hupanda, pendulumu ikawa kana kwamba imefupishwa, na saa hukimbia sekunde 0.4 zaidi kwa siku. Ukiiondoa, hupungua kiasi hichohicho. Kwa hiyo ikiwa inachelewa sekunde 2 kwa siku, dawa ni peni tano.