Winooski ikilinganishwa na jimbo la Vermont

Umeuliza iwapo wastani wa shule za Winooski, mji ulioko katika jimbo la Vermont nchini Marekani, katika mitihani, ambao huwa chini ya ule wa jimbo, ni ushahidi wa ufundishaji dhaifu. Kwa maoni yangu, wastani huo peke yake hauthibitishi hilo. Winooski ni mji wa watu wapatao 8,000, na shule zake, kuanzia za msingi hadi sekondari, ziko katika eneo moja. Kwa hiyo darasa lenye wanafunzi wachache linaweza kupandisha au kushusha asilimia ya mwaka mzima bila walimu kubadilika hata kidogo. Zaidi ya hayo, Vermont ni miongoni mwa majimbo yenye Wazungu wengi zaidi nchini Marekani, ilhali Winooski imepokea familia za wakimbizi kutoka Bhutan, Somalia na Kongo (baadhi yao huzungumza Kiswahili kama sisi), ambazo watoto wao hufanya mtihani wa hisabati kwa lugha wanayoendelea kujifunza. Jimbo lenyewe lilikiri tofauti hiyo mwaka 2022, lilipopitisha Sheria Na. 127 inayompa mwanafunzi anayejifunza Kiingereza uzito mkubwa zaidi katika ugawaji wa fedha, yaani huhesabiwa kama zaidi ya mwanafunzi mmoja. Kwa hiyo, ukitaka kupima ufundishaji, linganisha maendeleo ya mwanafunzi yuleyule mwaka hadi mwaka.